Hata mzungu wangu husema "informations"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sitachukua nyingi, ingawa wanafunzi wangu wa zamani wakisoma ahadi hiyo watacheka. Nilikuwa nikiwaambia "dakika tano tu", kengele inalia bado nimeshika chaki.

Ijumaa iliyopita, kwenye ukurasa wenu wa vichekesho, mlimchora diwani amesimama kikaoni, tai imepinda, karatasi mkononi, anatangaza kwa Kiingereza kwamba ana "three informations and two advices". Wajumbe wenzake wameinamia meza, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mjukuu wangu alitusomea sebuleni na nyumba nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sikatai. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31 na makosa hayo mawili, kubandika "s" ya wingi pasipotakiwa, nimeyazungushia wino mwekundu mpaka kalamu zikakauka. Ila kicheko kilipoisha nikamkumbuka Mama Zabibu, nikaona aibu kidogo.

Mama Zabibu ni jina alilopewa na watoto wa mtaa wetu hapa Ipagala. Ni mama wa Kiromania, mtaalamu wa mizabibu, aliyekuja kushauri wakulima wa Hombolo na Mpunguzi. Kwao ni Vrancea, mkoa ambao kwa wingi wa mashamba ya mizabibu unaongoza Romania nzima. Jambo lililomshangaza Dodoma ni kwamba zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwao ni mara moja tu, Septemba na Oktoba, kisha baridi inakuja na mzabibu unalala. Alielekezwa kwangu na mtu wa kanisani. Akaja jioni moja, akaketi barazani, akaniambia kwa Kiingereza cha kubabaisha kwamba ripoti zake zinarudishwa na wakubwa zake kwa sababu ya lugha. Je, ninaweza kumfundisha?

Wiki ile gengeni hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Mwalimu, kwani mzungu hajui Kiingereza?" jirani yangu wa genge aliniuliza huku akipanga mafungu ya nyanya.

"Wewe Mgogo unajua Kimakonde?"

Akafikiri kidogo. "Sijui. Lakini wao si wazungu?"

Nikanunua bamia zangu nikaondoka.

Siku ya kwanza nilimwomba aniandikie ukurasa mmoja tu kuhusu kazi yake. Daftari lile ninalo mpaka leo. Mstari wa pili unasema: "I need three informations about the soil." Chini kidogo: "Thank you for your advices." Halafu: "The news are bad." Ndugu Mhariri, mwanamke huyu ana shahada ya pili ya kilimo. Anasoma Kifaransa na Kirusi. Na ameandika Kiingereza cha diwani wenu, neno kwa neno.

Nilimuuliza kwa nini ameweka ile "s". Akanishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu viwili. Kwa Kiromania habari moja ni "informație", zikiwa nyingi ni "informații". Habari ya kwenye redio ni "știre", zikiwa nyingi ni "știri". Ushauri mmoja ni "sfat", mwingi ni "sfaturi". Kila kimoja kina umoja na wingi wake, kama sisi tunavyosema mtoto na watoto. Basi akija kwenye Kiingereza anafanya kile ambacho lugha ya mama yake imemfundisha: anahesabu. Na sisi je? Neno habari halibadiliki umbo, lakini hii na hizi zinatufichua. Habari hii, habari hizi. Taarifa mbili, taarifa kumi. Tunahesabu kama yeye.

Sasa utamfundishaje mtu asihesabu? Sheria ya sarufi nilimpa, ikapita kama upepo wa Agosti, ikaacha vumbi tu. Nikaingia jikoni nikatoka na ungo wenye unga wa uwele, nikauweka katikati ya meza.

"Nihesabie hizi unga."

Akacheka. Akachovya kidole kwenye unga, akasema haiwezekani.

"Haya, zihesabu hizi." Nikachota unga kwa kikombe mara tatu, nikamwaga mafungu matatu kwenye sinia.

"Vikombe vitatu."

Hapo ndipo alipoelewa. Kwa Mwingereza "information" ni unga. Haihesabiki mpaka uipe kipimo, na wingi unabebwa na hicho kipimo, unga wenyewe hauguswi: "a piece of information", "two pieces of information". "Advice" ni unga, "evidence" ni unga, na "news" ni unga licha ya ile "s" iliyojibandika mkiani. Haisemwi "the news are", husemwa "the news is", na ukitaka moja unasema "an item of news". Kama unataka kuhesabu bila kipimo, acha unga uchukue punje: "facts", "details", "reports". Hizo weka "s" mpaka uchoke.

Akaandika yote. Kisha akafunga kalamu akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu 31 hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, nani aliamua kwamba habari ni unga? Kwetu habari ni zabibu. Kuna punje na kuna kichala, vyote vinahesabika."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa nalo. Jibu la kuchekesha nililipata baadaye kwa mkwe wangu ambaye ni wakili. Aliniambia kwamba kesi ikipelekwa Mahakama Kuu, ile hati ya mashtaka inayowasilishwa na Mkurugenzi wa Mashtaka kwa Kiingereza huitwa "an information". Zikiwa hati tatu? "Three informations," alisema, akiendelea kukata nyama yake. Kumbe Waingereza wakishavaa joho na wao wanahesabu! Laiti diwani wenu angesema amezungumza kisheria.

Na kwa kuwa ni diwani, nikuibie siri nyingine niliyojifunza kwa Mama Zabibu. Lile neno "sfat" kwao si ushauri peke yake, zamani lilikuwa pia baraza la mji. Katika mji wa Brașov kuna uwanja mkongwe katikati unaoitwa Piața Sfatului, yaani uwanja wa baraza. Nikamwambia na sisi ni vilevile: shauri na halmashauri si ukoo mmoja? Akafurahi sana, akaongeza kwamba hata neno diwani wanalo. Wazee wao walipokuwa chini ya himaya ya Waturuki walikuwa na baraza liitwalo "divan", na mwaka 1857 mabaraza ya namna hiyo ndiyo yaliyokutana kujadili kuunganishwa kwa Moldavia na Wallachia, chanzo cha Romania ya leo. Siku hizi "divan" kwao ni kochi. Nilitaka kusema kwamba hata kwetu wapo wachache waliogeuka kochi, nikajizuia, maana barua hii ni ya kumtetea mmoja wao.

Balaa kubwa kuliko yote lilikuwa neno dogo, "data". Hapa naomba uvumilivu, maana nilihitaji jioni mbili na chupa ya chai kulielewa mwenyewe. Kwa Kiromania "data" ni tarehe. "Data nașterii" ni tarehe ya kuzaliwa. Na "date" ni zile taarifa ambazo Kiingereza kinaziita "data". "Date personale" ni taarifa za mtu binafsi. Yaani lugha hizi mbili zimebadilishana kofia. Sasa mchukue mama huyu, mpe fomu ya Kiingereza kwenye ofisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Juu kulia kuna neno "Date" na mstari mfupi. Akajibana kwenye mstari huo mfupi akaandika jina lake lote, uraia, namba ya pasipoti na kazi yake, herufi ndogo kama sisimizi, mpaka zikapanda pembeni mwa karatasi. Chini, penye kisanduku kikubwa cha "Data", akaandika siku, mwezi na mwaka. Kisanduku chote kilichobaki kilikuwa cheupe.

Karani akaitazama fomu, akamtazama yeye, akamwita mwenzake. Alirudi kwangu machozi yanamlengalenga, akidhani wamekataa nchi yake.

Dukani ndiyo ikawa kichekesho. Nilishamfundisha kwamba Waingereza hawaitamki ile "e" ya mwisho. Basi akaenda kwa kijana anayeuza vocha, akamwambia kwa ujasiri wote anataka "date" ya wiki nzima. Kijana wa watu akaangalia chini, akasema, "Mama, mimi nina mchumba." Alichokuwa anataka ni bando.

Ukichimba utakuta maneno hayo mawili yametoka tumbo moja. Kwa Kilatini "data" ni vitu vilivyotolewa, na Warumi wakimaliza barua waliandika kwamba imetolewa, "data", mahali fulani, siku fulani. Tarehe ikazaliwa hapo, na takwimu za kompyuta nazo zikazaliwa hapo. Hata sisi tusijione wajanja. Hilo neno takwimu, ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliyopo hapa Dodoma inalibeba kwenye jina lake, kwa Waarabu "taqwim" ni kalenda. Nasi tulianza na tarehe tukafika kwenye hesabu za watu.

"Evidence" nayo ilitaka kumpeleka pabaya. Kwenye ripoti moja aliandika kwamba yeye na wakulima "keep the evidence of each vine". Niliposoma nikadhani kuna wizi wa mizabibu na kesi iko polisi. Kumbe kwao "evidență" ni kumbukumbu zinazotunzwa, na ofisi inayoandikisha wananchi huitwa ya "evidența populației". Alitaka kusema wanatunza kumbukumbu za kila mzabibu: uliopandwa lini, uliopigwa dawa lini. Nikafuta, nikaandika "records". Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, kufuta neno sahihi la mtu mmoja na kuweka neno sahihi la mtu mwingine.

Jioni moja alinikuta nasoma gazeti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nchi yetu ina wizara ya "Information" na watu wanaingia na kutoka bila wasiwasi. Nikamwambia ndiyo, ni Wizara ya Habari, ina shida gani? Akanieleza. Kwao "informații" ni habari, lakini ndilo neno wanalotumia pia kwa mambo ya ujasusi. Idara ya usalama iliyoundwa mwaka 1990 inaitwa Serviciul Român de Informații. Kabla ya hapo, enzi za mtawala wao Ceaușescu, ilikuwepo Securitate, yaani polisi wa siri, na jirani aliyekuwa akipeleka maneno huko aliitwa "informator". Alikuwa msichana wa shule utawala ule ulipoanguka Desemba 1989. Mama yake alikuwa akiweka mto juu ya simu kabla ya kuzungumza jambo lolote la maana. Nikampa maneno ya Kiingereza yaliyotengana, ya ujasusi ni "intelligence", mpeleka maneno ni "informer", na "information" ni ya kila mtu, hata ya kuuliza basi la Singida linaondoka saa ngapi. Aliyaandika polepole kuliko siku zote.

Halafu akanigeukia. "Na ninyi, Mwalimu? Information kwa Kiswahili ni nini?"

Nikafungua mdomo kusema habari, nikakumbuka taarifa, nikakumbuka maelezo. Ndugu Mhariri, jaribu mwenyewe. Kwenye TEHAMA ile "H" ni habari. Bunge letu, hapahapa Dodoma, mwaka 2016 lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na hapo "information" ni taarifa. Mwaka huohuo likapitisha Sheria ya Huduma za Habari, ambayo kwa Kiingereza ni sheria ya "media", kwa hiyo habari imekuwa magazeti na redio. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hapo taarifa si "information" tena, ni "data". Idara moja ya Serikali inajiita Idara ya Habari, na pembeni yake kuna neno MAELEZO kwa herufi kubwa. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba saa mbili usiku tunakaa kutazama taarifa ya habari.

"Information ya information?" akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nilimwacha acheke, alistahili zamu yake. Kisha nikamwonyesha kwamba kwa masikio yetu hayo maneno hayagongani. Habari unaulizwa njiani na unajibu nzuri hata kama nyumba inaungua. Taarifa ina mtu aliyeitoa na mtu anayepaswa kuipokea. Ukiisema unaona karatasi, au angalau mjumbe amesimama mlangoni. Maelezo ni pale mtu anapotakiwa ajieleze. Na maarifa, ambayo ni ndugu wa taarifa kwa mzizi uleule wa Kiarabu wa kujua, ni kile kinachobaki kichwani taarifa ikishasahaulika. Kwa Mwingereza taarifa, maelezo na hata ile habari ya TEHAMA vyote vinaingia kwenye "information" moja. Lakini sijawahi kuona katuni ya Mwingereza akichekwa kwa hilo.

Sasa nirudi kwenye katuni yenu. Niliitazama tena usiku, nikavaa miwani, nikatafuta jambo moja: hizo "informations" tatu zilikuwa nini? Hazipo. Mchoraji hakuziandika. Diwani amesimama na taarifa tatu mkononi, na si wajumbe, si mchoraji, si sisi wasomaji, hakuna aliyemuuliza.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho, si kwenye gazeti. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mkutano wa mtaa, mgeni kutoka ofisi moja akazungumza nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nasi tukatikisa vichwa. Akanyoosha mkono mzee mmoja, fundi baiskeli, naye akataka kumjibu mgeni kwa lugha yake. Akaanza, "I have one information." Vijana wa nyuma wakarudia kwa sauti ya kuiga, "wani infomesheni!" Mkutano ukavunjika mbavu. Mimi mwalimu wa Kiingereza nilikuwa nimekaa mstari wa pili na nilitabasamu. Mzee akasema basi, akakaa, akaanza kukunjakunja kofia yake. Taarifa yake ilikuwa moja: kalvati la barabara ya chini limezibwa na kifusi cha ujenzi. Tuliipata Januari, mvua ilipokuja na maji yakaingia nyumba nne, moja ikiwa ya binti yangu. Tulitoa godoro nje likiwa limelowa kama sponji, na mzee yuleyule akaja kutusaidia kulibeba. Hakusema neno, si la Kiingereza, si la Kiswahili.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Katuni ni nzuri, mchoraji wako ana mkono mwepesi na mikunjo ile ya tai niliipenda. Amrudishe diwani yuleyule, kikao kilekile, na safari hii atuandikie hizo taarifa tatu. Zikiwa upuuzi, amcheke kwa upuuzi wake, nami nitacheka naye. Na hizo "advices" mbili pia, tuzione. Kuhusu ile "s", kama lazima gazeti limrekebishe mtu, hebu mhariri wa habari aanze na ukurasa wenu wa kwanza wa siku ileile: aya ya pili mmeandika "data hizo", aya ya tano "data hiyo", na ni data zilezile.

Mama Zabibu amehamia Mpunguzi sasa, yuko karibu na mashamba, na Kiswahili amekipenda kuliko Kiingereza kwa sababu, anasema, kinamruhusu kuhesabu. Jumanne alinitumia ujumbe kwenye simu, nami naunakili kama ulivyo: "Mwalimu shikamoo. Nina habari mbili. Ya kwanza nzuri, ripoti yangu haikurudishwa. Ya pili mbaya, mizabibu yetu imepata ubwiri unga. Unga tena, Mwalimu!"

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma